Nyuzi Tulizolegeza kwa Heshima

Vijana wa Asali Jazz, mliniaga kwa saa ya ukutani. Mtu amestaafu, mnampa saa, aangalie nini? Hata hivyo nimeitundika sebuleni hapa Itetemia, Tabora. Inakimbia mbele kama mpiga drams wenu, lakini mke wangu anasema inapendeza. Mkaniomba pia niandike kidogo jinsi muziki wa bendi ulivyobadilika kutoka albamu moja hadi nyingine, eti mtayaweka kwenye ukurasa wenu wa mtandaoni. Nimekubali kwa sababu nimesoma mlichokwisha kuandika wenyewe. Mmesema bendi "imepitia safari ya kisanaa yenye tafakuri nzito". Tafakuri ya nani? Mimi nilikuwepo. Gitaa la besi lilikuwa mikononi mwangu tangu kanda ya kwanza mpaka hiyo mliyoitoa juzi, na sikumwona mtu akitafakari.

Nilianzia kanisani. Gitaa nililijulia kwenye kwaya ya Moraviani, na mama yangu aliamini mambo yataishia hapo hapo. Siku niliyokwenda Kanyenye kujaribiwa na bendi nilimwambia naenda kutafuta betri za redio. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa nyuma ya duka la vitenge, una joto la tanuri na harufu ya jamvi bichi. Ndani nilimkuta Mzee Kapela, mpiga gitaa la solo na mwanzilishi wa bendi, amekaa juu ya spika anakula muhogo wa kuchemsha. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuacha kutafuna. Hakuniuliza nimejifunzia wapi. Aliniuliza kama mgongo wangu ni mzima. Babu zangu Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu za watu kwa mguu mpaka pwani. Mimi nikabeba spika za Mzee Kapela mpaka Igalula, Nzega na Urambo, na kama wao, sikupewa pole.

Besi nilipewa kwa sababu aliyekuwa akiipiga alioa Kigoma akanogewa. Wakati ule besi ilikuwa kazi ya mgeni, kama vile bibi harusi anavyopewa kuchota maji. Nyuzi zilikuwa shida. Uzi mmoja wa gitaa langu ulikuwa waya wa breki ya baiskeli, na zile za kweli tulizichemsha kwenye sufuria zikishachoka, tukazianika, zikalia tena kwa muda. Msicheke, jaribuni. Somo la kwanza la Mzee Kapela lilikuwa fupi. Alisema nikisikika sana nimekosea, na nisiposikika kabisa nimekosea zaidi. Baada ya hapo hakunifundisha kitu kwa maneno kwa muda mrefu. Alinikata jicho tu nilipokosea, na niliyaogopa macho yale kuliko ya mchungaji.

Bendi ilikuwa na desturi moja ambayo nyie mmeikuta imekufa. Hakuna mtu aliyepatanisha nyuzi za chombo chake kivyake. Kabla ya kupiga tuligeuka wote kumtazama Mzee Kapela, yeye anapiga uzi mmoja wa gitaa lake, sisi tunaufuata. Mlio ule ameutoa wapi, kwenye filimbi, kwenye kinanda cha kanisa au kichwani mwake, hakuna aliyeuliza. Leo mnabana kidude kwenye shingo ya gitaa, kinawawashia taa ya kijani, mnajiona mafundi. Kwetu taa ya kijani ilikuwa yule mzee, na mzee akisema hapa ndipo, basi hapa ndipo.

Na mbele ya wote alisimama Bi Tatu. Ninyi mnamjua Bi Tatu huyu anayeimba kama mtu anayesimulia msiba. Huyo siye niliyemkuta. Binti wa Kanyenye, amekulia kwenye ngoma za harusi, ana sauti ya juu, kali, inayopita juu ya tarumbeta bila kuomba njia. Fundi wa mitambo alikuwa akimwambia asimame mbali kidogo na maikrofoni. Mumewe alikwenda machimboni akasahau njia ya kurudi, akamwachia watoto, na maikrofoni ile ndiyo ikawa jembe lake. Hakuwa na shamba, hakuwa na genge, hakuwa na cheti. Akishushwa jukwaani ameshushwa na watoto wake. Hilo tulilijua sote.

Kanda ya kwanza, Nyuki Hana Mjomba, tulirekodi Dar es Salaam kwenye studio ya redio, wote chumba kimoja. Mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Mpiga tumba alikosea kila tulipokaribia mwisho, mpaka Mzee Kapela akamtoa nje akale kwanza. Mtindo tuliuita Mzinga: solo inakimbia juu, tarumbeta na saksafoni zinajibu, besi inatembea haraka chini, na Bi Tatu juu ya vyote. Ile ndiyo kazi yetu pekee nisiyoionea haya. Ya pili, Mkwe Kaja na Kuku, ilikuwa ni ile ile ya kwanza imebadilisha shati. Watu waliinunua kwa sababu shati lilikuwa zuri.

Kisha akaja Rashidi, ambaye nyie mnamwita Kiongozi. Rashidi hakujua kupiga chombo chochote. Alikuwa na gari. Bendi isiyo na gari ikikutana na mtu mwenye gari, uongozi hauna uchaguzi. Kila alipokwenda Dar alirudi na maoni, kama wengine wanavyorudi na mafua. Mara tutafute wacheza shoo, mara tuvae sare zinazong'aa, mara jina la bendi liwe la Kizungu. Mzee Kapela alimsikiliza kwa adabu, akaendelea kupiga alivyokuwa akipiga.

Sasa ndiyo tunafika kwenye hiyo tafakuri yenu. Ilikuwa kiangazi, tumekwenda kupiga Igalula, vumbi la stesheni na la barabara limechanganyika, huoni viatu vyako. Tulipofika kwenye kilele cha Nyuki Hana Mjomba, pale anapopanda ghafla, sauti ya Bi Tatu ikakatika. Ikakatika kabisa, pwaa, kama sahani. Wachezaji hawakujali, watu wa Igalula wakishaanza kucheza hata treni haiwasimamishi. Aliyejali ni Rashidi. Tukiwa njiani kurudi, amekaa mbele na dereva, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kiti cha nyuma kwamba Dar kuna mabinti wana damu changa, wako tayari kuhamia Tabora hata kesho. Bi Tatu alikuwa nyuma amejifunika kanga usoni. Kama alilala au alijilaza, sikujua.

Mazoezi yaliyofuata Mzee Kapela aliniita kabla wengine hawajafika. Akasema, "Leo nashusha nyuzi nusu sauti, Tatu asilazimike kupanda juu mno. Wewe nifuate. Na Tatu asiambiwe, mtu mzima haambiwi kwamba sauti imechoka." Nikaitikia ndiyo mwalimu. Nilimwona mtu mwenye utu kuliko wote Tabora, na moyo ukanijaa kwa kushirikishwa. Wenzetu walipofika wakageuka kumtazama kama kawaida, akapiga uzi wake, wakaufuata chini kama kondoo. Rashidi akauliza mbona muziki umekuwa mzito. Mzee akamwambia ni mtindo mpya. Rashidi akafurahi sana, akaupa jina yeye mwenyewe, Didimia, akaliandika ubavuni mwa gari kwa rangi nyekundu. Ndiyo asili ya albamu ya tatu, ile mnayoiita "kipindi cha ukomavu".

Waliogundua mara moja ni wapuliza vyombo. Tulikuwa na ndugu wawili wa Urambo, mmoja tarumbeta, mwingine saksafoni. Gitaa unalegeza uzi, umemaliza. Tarumbeta haina uzi wa kulegeza. Ilibidi wajifunze nyimbo zote upya kwa njia za kichochoroni, vidole vinagongana, na walipouliza kwa nini, waliambiwa ni mtindo. Walivumilia kanda moja. Kisha wakarudi kwenye matarumbeta ya kanisa, wakasema huko angalau nyimbo zinakaa pale zilipoachwa na wazee. Ukurasa wenu unasema bendi "iliamua kuachana na vyombo vya kupuliza". Haikuamua kitu. Ilikimbiwa.

Kujaza nafasi yao Rashidi akanunua kinanda cha umeme, kwa sababu kina kitufe cha kushusha noti zote, unabonyeza tu. Kilikuwa na tarumbeta humo ndani, filimbi, fidla, na mbwa anayebweka. Mpigaji wake alivitumia vyote isipokuwa mbwa, na nina hakika alimjaribu. Albamu ya nne, Nipigie Tena, ndiyo hiyo. Nikiisikia baa natoka nje.

Na shida haikuisha. Kila tuliposhusha, sauti ya Bi Tatu ilizidi kusikika imechoka, haina makali, inakokota mwisho wa mstari. Mzee Kapela ananitazama, mimi namtazama, kesho yake tunashusha tena kidogo. Nyuzi za besi zikalegea mpaka zikawa zinagonga mbao, nikaagiza nene kutoka Mwanza. Uzi mnene hauendi mbio, kwa hiyo nikaanza kupiga noti chache, moja hapa, nyingine ng'ambo. Mashabiki wakasema Maganga, yaani mimi, amekomaa, anapiga kwa busara. Nyuzi zilikuwa nene, jamani! Solo nayo ikapoa. Mzee Kapela, ambaye zamani gitaa lake lilikimbia kama sungura, sasa alipiga polepole, na kabla ya kupanda jukwaani alikuwa akijipaka dawa ya kuchua kwenye viungo vya vidole, vilivyokuwa vimevimba. Tuliona sote. Uzee, tukasema, na bado anapiga. Muziki ulipopoa hivyo, Rashidi akaleta wale vijana wa kupiga kelele katikati ya wimbo, kutaja majina ya wenye baa na kuwaambia watu wana furaha, maana wenyewe walikuwa hawajijui.

Albamu ya tano mliiita Tumerudi. Tulikuwa tumekwenda wapi? Tulirekodi Dar, mmoja mmoja, kwenye kichumba kilichozungushiwa magodoro, na kijana wa kompyuta ambaye sikuwahi kuona uso wake mzima. Nilipiga besi peke yangu kama mtu anayekula harusini kwake bila wageni. Bi Tatu akaingia akanong'ona mistari yake, kijana akaongeza mwangwi mpaka ikawa kama anaimbia kisimani. Gazeti moja likasifu "sauti ya utu uzima iliyojaa hekima". Mimi niliposikia nilihuzunika. Nilisema moyoni, ndiyo basi, dada yetu amekwisha, lakini angalau yuko jukwaani, na watoto wake wamesoma. Tulimlinda. Nilijivunia hilo, nawaambieni kweli, lilikuwa jambo moja katika kazi yangu ambalo sikuweza kulidharau.

Mzee Kapela alifariki wakati wa mvua. Alizikwa kwa heshima zote, Wakatoliki wakaimba, Wamoraviani wakapuliza matarumbeta, na wale ndugu wa Urambo walikuwepo, wazee sasa, wanapuliza vizuri kuliko walivyowahi kupuliza kwetu. Tukamaliza matanga, tukarudi ukumbini Kanyenye. Rashidi alikuwa ameshaleta kijana wa solo mnayemjua. Wengine wenu mlikuwepo siku hiyo, lakini mlikuwa mmeinamia simu, kwa hiyo nawaeleza.

Ilikuwa alasiri, vyombo vinaunganishwa. Bi Tatu alikuja pale nilipokuwa nimeinama kwenye ampilifaya, akasema kwa sauti ya chini, "Maganga, sasa rudisheni nyuzi juu pale zilipokuwa zamani. Mwenye vidole vyake ameshapumzika."

Nikamuuliza vidole gani. Akanishangaa kama ninayejifanya mjinga. Akasema yeye aliona tangu mwanzo. Siku Mzee aliposhusha nyuzi kwa mara ya kwanza, yeye alimtazama mikono, akaona viungo vimevimba, akaelewa kwamba uzi uliolegea haumuumizi. Akaelewa pia kwamba bwana mwenye gari akijua, ataleta solo mpya kutoka Dar na mzee ataachwa kando ya barabara. Basi akanyamaza, akaimba chini. Kule chini hakukuwa kwake, sauti yake haikukaa, lakini akasema potelea mbali. Kila mzee aliposhusha tena, yeye alijua vidole vimezidi, akashuka naye. Hakumuuliza. Mtu mzima haulizwi kama mikono yake imechoka.

Nilikaa juu ya spika. Nikamweleza yetu. Nilimwambia yote: vumbi la Igalula, damu changa, yale mazoezi, jinsi tulivyokuwa tukitazamana mimi na mzee. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono imeshika ncha za kanga. Akasema, "Siku ile ya Igalula nilikuwa na mafua." Kisha akarudia, taratibu, "Mafua, Maganga."

Haya, iandikeni hiyo kwenye ukurasa wenu. Hiyo ndiyo safari ya kisanaa. Mtu alipata mafua. Sisi tukashusha nyuzi kwa ajili ya koo lake, yeye akashusha sauti kwa ajili ya vidole vya mzee. Tukamsikia amechoka kwa sababu anaimba pasipo pake, tukashusha tena. Akatuona tumeshusha, akajua vidole vimezidi. Kwa njia hiyo tukafukuza tarumbeta, tukaleta kinanda chenye mbwa, tukanunua nyuzi nene, tukaajiri wapiga kelele, na kutoa albamu tatu za kuomboleza watu wawili walio hai. Mzee mwenyewe amelala kaburini akijua alimwokoa binti wa watu. Na hakuna aliyekuwa na nia mbaya! Rashidi mnayemlaumu kwa kila kitu hakufanya lolote ila kuendesha gari na kusema upuuzi njiani. Sisi wenye adabu ndio tuliofanya. Heshima, heshima! Watu wa Tabora tunasifiwa kwa kusema Kiswahili kizuri, na kwa miaka yote ile hatukupata sentensi moja ya kuambiana.

Tukapandisha nyuzi siku hiyo hiyo. Kijana wa solo alikuwa na kidude chake cha taa ya kijani, na safari hii nilikitumia bila kusema neno. Bi Tatu akasimama mbele, akatuambia tuanze Nyuki Hana Mjomba kwa mwendo wake wa zamani. Sitawadanganya kwamba ilikuwa sauti ya yule binti. Pembeni ilikuwa na mikwaruzo, na pumzi aliichukua mahali ambapo zamani hakuihitaji. Lakini ilipanda. Ilifika pale pale, ikakaa, ikapita juu yetu sote bila kuomba njia, na yule kijana wa kupiga kelele akashusha maikrofoni yake mwenyewe bila kuambiwa. Rashidi aliingia kutoka nje, funguo za gari mkononi, akasimama mlangoni. Mimi machozi yalinitoka, na sioni sababu ya kuwaficha.

Yalinitoka, na papo hapo nikachelewa mdundo. Nikadhani ni machozi. Ubeti wa pili nikachelewa tena. Zile nyuzi nene za Mwanza zikivutwa mpaka juu vile huwa ngumu kama waya wa uzio, na mwendo ule sikuwa nimeupiga tangu nina nywele nyeusi. Tukapumzika, nikafunga nyembamba nilizoazima, tukaanza tena. Haikusaidia. Vidole vilijua pa kwenda ila vilifika wimbo umeshaondoka. Mlio wangu ukawa unaburuta bendi nzima nyuma, na hakuna kati yenu aliyenitazama. Mliangalia sakafu. Mlikuwa na adabu sana.

Bi Tatu peke yake aligeuka. Alinitazama mikono, akayaondoa macho haraka, na mtazamo ule niliujua, maana mimi mwenyewe nilimtazama koo hivyo hivyo mpaka mvi zikaniota. Wimbo ulipoisha akanisogelea, akatabasamu kwa upole wote wa dunia. "Kaka Maganga, hebu tushushe kidogo tu," akasema. "Hata mimi nitapata pa kupumulia."

Nilimwambia asithubutu. Nikamwambia, "Usinishushie uzi. Niambie."

Niliona ilivyokuwa kazi kwake, mdomo ukifunguka na kufungika. Mwishowe akasema, "Vidole vyako vimekwisha, kaka yangu."

Nikamshukuru, nikachomoa waya. Wimbo mkaurudia bila besi, na Bi Tatu hakushuka hata nusu sauti.